Nafasi Iliyoachwa kwenye Mkeka

Sitaandika alizaliwa wapi, wala baba yake alikuwa nani. Najua wengine wakiandika juu ya mtu huanza pale. Mimi siwezi, kwa sababu hata mwenyewe hakujua, na kulitafuta jambo hilo ndiko kulikomaliza miaka yake ya mwisho.

Tulimwita Mama Directrice. Aliongoza shule moja ya msingi hapa Kabondo, Kisangani, kwa miaka mingi, na hata alipoacha kazi hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alikufa mvua zilizopita. Mimi nilipita mikononi mwake mpaka darasa la tano, baadaye nikasoma kidogo tu, nikaacha. Leo nina kibanda cha fotokopi na cha kuchaji simu, karibu kabisa na nyumba yake. Naandika haya katika daftari ninaloandika mambo yangu ya kila siku, na sina hakika kama nayaandika inavyofaa. Angekuwepo, angekuwa tayari na bic nyekundu, kalamu yake ya kusahihishia.

Kila asubuhi redio ya hapa husoma matangazo ya vifo. Mwanzo wake haubadiliki: familia fulani na familia fulani, pamoja na wote walio wao, wana huzuni kuwatangazia ndugu na marafiki. Mama Directrice alisikiliza amesimama, mkono mmoja juu ya meza, uji unapoa. Yakifika majina ya familia aliyarudia kwa sauti ndogo, moja baada ya lingine. Nikiwa mtoto nilipita dirishani pake nikadhani anasali.

Na ndiye aliyeandika matangazo ya mtaa mzima. Mtu akikata roho, watu walimfuata yeye kabla ya kumfuata seremala. Alikuja na miwani yake iliyofungwa uzi, akakaa, akauliza: "Familia ya upande wa baba? Ya upande wa mama? Tonton mukubwa ni nani? Usinipe nusu." Ukitaja jina huku unasitasita, aliweka bic chini.

"Uko na hakika, ao unapenda tu?"

Swali hilo watu walilichukia. Kila familia hupenda kuongeza jina la mtu mkubwa, labda mkubwa huyo atakuja na jeneza zuri. Yeye alikataa hata mbele ya wajane wanaolia. Jirani yangu mmoja hakumsamehe kamwe kwa ajili hiyo, na sisemi alikosea kutomsamehe. Siku ya msiba mtu hataki kusahihishwa.

Darasani alikuwa mkali vilevile. Alichapa. Aliyesema "sijui" bila kufikiri kwanza alipata fimbo mbili, na aliyefikiri kwanza ndipo akasema "sijui" hakupata kitu. Nimesikia kwamba alipokea mbuzi kutoka kwa mzazi fulani ili mtoto wake apite. Nimelisikia, sikuliona, na walionisimulia hawakuliona pia. Naliandika ili isionekane kwamba nimechagua mazuri peke yake. Halafu kulikuwa na viatu. Alivaa viatu vyeusi vya kufunga siku zote, hata wakati Kabondo yote ni matope na wanawake wengine wamevishika mkononi. Sisi watoto tulisema analala navyo.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni benchi. Mwaka wangu wa tano, msichana mmoja wa darasa letu aliondoka na wazazi wake kwenda kwenye machimbo ya almasi, hakurudi. Mama Directrice hakumfuta. Kila asubuhi mwalimu alimwita jina, tukanyamaza kidogo, tukaendelea. Na mahali pake palibaki wazi mpaka mwisho wa mwaka, huku sisi wengine tumebanana watatu watatu kama samaki ndani ya kikapu. Wazazi walikuja kulalamika. Aliwajibu, "Hajasema anaacha. Akirudi, atakaa wapi?" Wakati ule niliona ni ukaidi tu. Bega langu la kushoto liliumia mwaka mzima.

Jirani yetu mwingine ni Tonton Fundi, mjomba wa mtaa mzima, mshonaji, mtu wa familia za Kiislamu za zamani, za wale waliokuja na biashara kabla ya Wabelgiji. Alikuwa mwanaume pekee aliyemtania Mama Directrice, na naye alimrudishia. Tonton Fundi anaweza kutaja babu zake mmoja juu ya mwingine mpaka uchoke.

"Directrice," alimwambia siku moja, cherehani inaenda, "mi niko na bababu wa kupita kipimo. Wamoja walikamataka batu na kuuza. Unataka bale? Nakupa bure."

"Baki nabo. Mi bankoko yangu ni nyungu."

Bankoko ni mababu, na maana ya mzaha wake ni hii. Wakati wa uasi uliofuata uhuru aliletwa kwa masista wa hapa mjini, mdogo hata hajui kusema jina. Wao walimpa jina la mtakatifu. Baadaye, serikali ilipoamuru watu waache majina ya kizungu wachukue ya mababu, yeye hakuwa na babu wa kumchukulia jina, basi akachukua la mama aliyepika jikoni kwa masista. Ndilo liko kwenye karata yake ya uchaguzi mpaka leo, kama jina la ukoo. Alicheka akisema nyungu, yaani chungu cha kupikia. Tonton Fundi alicheka pia, ndipo akasimamisha cherehani bila sababu.

Alikuja kibandani kwangu baada ya kuacha kazi. Alisimama mbele ya ordinateri, kompyuta yangu, kama anayekagua ubao.

"Mutoto, hii mashini yako inaweza kutafuta mutu?"

"Inaweza kutafuta jina, Mama."

"Bon. Jina ndiyo sina. Alors?"

Nilikuwa nimesikia kuna katalogi kwenye mtandao, inayoonyesha vitabu vya zamani vya kanisa na vya serikali vilivyopigwa picha dunia nzima, ili watu watafute wazee wao. Tukaifungua. Mahali pa kuandika jina la mtu alipapita. Chini yake palikuwa na mahali pa kuandika fasi, yaani eneo. "Tuanze na fasi," alisema. "Mutu anapotea, fasi hapana."

Niliandika Kisangani. Vikaja vitu vichache visivyo na maana kwetu. Akanigonga begani. "Wazungu bale walikuwa wanaiita Kisangani? Andika Stanleyville, jina ya zamani. Na inchi, andika Congo Belge." Nikaandika, na ukurasa ukajaa.

Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Unatoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo: nchi, jimbo, teritwari, misheni. Unaandika jina kama Mbelgiji alivyoliandika, si kama sisi tunavyolisema. Kila nilipokuwa na mega za mtandao za kutosha alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, na wateja walisubiri. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki. Yeye aliyepiga watoto kwa ajili ya "sijui" sasa alilisema neno hilo mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Sijui, mutoto. Jaribu ile ya chini."

Kisha akafanya jambo ambalo mtaa haukulitegemea. Aliandika tangazo la redio ambalo halikuwa la kifo: mwanamke aliyeletwa kwa masista akiwa mtoto mdogo wakati wa uasi anatafuta watu wake. Lilisomwa kati ya matangazo ya vifo. Kuna waliocheka kwamba mwanamke mwenye mvi anatafuta mama. Mke wangu, aliyelisikiliza jikoni, aliweka mwiko chini akatoka nje.

Baada ya wiki kadhaa akaja Papa wa Yanonge, kijiji cha chini ya mto. Alishuka kutoka kwenye balenyeri, mashua ya abiria, na binti yake na samaki wa moshi wamefungwa kwenye majani, akauliza njia mpaka akafika. Mzee mrefu, jicho moja linatoa maji. Nilikuwepo kwa sababu Mama Directrice aliniita nije niwe shahidi. Mzee hakukaa. Alisema, "Mukono wako. Leta."

Aliugeuzageuza. "Mama yetu alikuwa na vidole hivi."

"Papa, vidole ya namna hii iko mingi kwenye mji huu."

"Mi naona dada yangu."

Nikajua litakuja swali, na likaja. "Uko na hakika, ao unapenda tu?"

Mzee alifikiri muda mrefu. Angekuwa darasani asingepata fimbo. "Napenda," alisema. "Hakika, sina."

Nadhani ni pale Mama Directrice alipompenda. Alimvutia kiti yeye mwenyewe.

Habari ya mzee ni kwamba familia yake ilikimbilia msituni nyuma ya Yangambi. Mama yao alifia huko. Shangazi yao alimchukua dada yao mdogo, akamwacha kwenye misheni moja ya kando ya mto, kwa sababu pale palikuwa na maziwa. Walipotoka msituni misheni ilikuwa tupu. Watoto wote walikuwa wamepelekwa, hakuna wa kusema wapi. Shangazi alikufa, na yeye akaendelea kuuliza katika kila soko alilouza samaki, tangu ujana wake mpaka sasa.

Walianza kutembeleana. Mzee alileta samaki, Mama Directrice akatwanga lituma ya ndizi, wakala na kubishana jinsi ya kuikoroga. Hata kwenye kubishana walifanana, mke wangu alisema. Mimi sikuona. Au niliona, sijui.

Siku moja mzee alisema mbele yetu, "Dada, kubali tu. Mi muzee, wewe muzee. Nani atatuuliza?"

Mama Directrice aliosha mikono yake kwanza. "Nikikaa kwenye fasi yake, Papa, wewe utaacha kumutafuta. Na kama iko muzima fasi ingine? Siku moja anafika Yanonge, anaambiwa, ah, wewe tulikwisha kukupata. Anarudi na njia gani?"

Binti wa mzee alikasirika, akasema kwa Kilingala kwamba mtu anayekataa ndugu anajivuna. Wapo wanaosema hivyo mpaka leo. Nimelipima mara nyingi na sijui nitaliweka upande gani. Mama Directrice alimwambia tu, "Ile misheni iliandika. Mapadri waliandika kila mutoto aliyebatizwa, nani alimuleta, kutoka wapi. Tutafute kitabu. Kitabu kikisema, nakuja na mizigo yangu."

Basi tukatafuta kitabu. Na tulikipata, au tulidhani hivyo. Katika katalogi, chini ya teritwari, chini ya jina la zamani la misheni ile, kulikuwa na mstari: vitabu vya ubatizo. Mega zilikwisha ukurasa ukiwa umefunguka nusu, lakini jina lilikuwa pale, tuliliona kwa macho yetu. Alisimama, akaketi, akasimama tena. Alimpigia mzee simu akapiga kelele kwamba iko, kitabu iko! Jioni ile alipikia mtaa. Tonton Fundi alimletea kitambaa. Kesho yake mzee alipanda mashua akaja na jogoo.

Labda watu wa mahali pengine wasingefanya kosa hilo. Sisi tulidhani katalogi ni kama redio: jina likisomwa, mtu yupo. Hatukujua kwamba katalogi inakuambia kitu kiliwahi kuwekwa wapi, haikupi kitu chenyewe.

Niliponunua mega nyingine tuliona alama ya kamera, na juu yake ufunguo mdogo. Ukibonyeza inakuambia picha hizi hazifunguki nyumbani, mpaka uende kwenye chumba cha kusomea kinachokubaliwa, na cha karibu kilikuwa Kinshasa. Dada yangu mdogo anaishi kule. Alikwenda, akakuta pamefungwa. Alirudi, umeme hakuna. Alienda tena. Wakati huo wote mzee alipiga simu kila asubuhi baada ya matangazo ya vifo, kuuliza kama Kinshasa wamesema. Daktari mmoja alituambia kuna kipimo cha damu, lakini hakifanywi hapa, na Mama Directrice alisema tusubiri kitabu kwanza. Kama ningekuwa mtu wa kutoa shauri, sijui ningesema nini.

Dada yangu alipiga simu jua likiwa kali. "Yaya, kaka yangu, nimeviona vyote. Vinaishia kabla ya uasi. Kile cha wakati wa uasi hakiko."

Tukafungua ukurasa tena, mpaka chini kabisa, mahali ambapo siku ile mega zilikatikia. Palikuwa na maelezo madogo kwa Kifaransa: kitabu cha mwisho hakikupatikana wakati wa kupiga picha.

Nilitegemea alie. Aliniambia nitoe ukurasa kwenye karatasi. Akachukua bic nyekundu, akapiga mstari chini ya neno moja.

"Hawakuandika kimeungua," alisema. "Wameandika hakikupatikana."

Aliendelea kuja. Alitafuta misheni za jirani, labda kitabu kilihamishwa, na mashirika ya masista, na kumbukumbu za teritwari. Sasa alipita majina ya mahali moja moja, kwa sauti ileile ndogo aliyotumia asubuhi mbele ya redio. Papa wa Yanonge akaanza kuugua miguu, kisha tumbo. Alikufa kabla hatujamaliza teritwari ya pili.

Tangazo lake lililetwa kwa Mama Directrice aandike. Binti yake ndiye aliyepiga simu. Aliposoma majina ya familia alisimama kidogo, akingoja, na mimi niliyeshika simu nilisikia pumzi yake upande ule. Mama Directrice aliandika yaliyotajwa. Jina lake mwenyewe hakuliweka, na binti hakulitaja.

Tulienda Yanonge pamoja kwa balenyeri. Nataka niandike vizuri siku ile. Huku kwetu, kwenye matanga, familia hukaa chini kwenye mkeka, miguu mitupu, na wageni hukaa kwenye viti vya plastiki. Kila mtu akifika anajua upande wake. Binti wa marehemu alikuwa kwenye mkeka na ndugu zake na wajukuu, wamejaa, na kando yake palikuwa na nafasi. Kila mara mtoto alipojisogeza aketi pale, alimsukuma. "Hapana pale."

Mama Directrice aliitazama nafasi ile. Kisha akaenda akaketi kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele wa wageni, mgongo umenyooka kama wakati wa kukagua. Alikaa tangu sala ya asubuhi mpaka chakula, na jua lilimfikia hakusogea. Kuna wakati aliinama, akafungua kiatu kimoja, akakivua, akakiweka juu ya mapaja. Mguu wake ulikuwa mweupe wa vumbi la viatu, mdogo kuliko nilivyodhani. Alikishika kiatu kile muda mrefu. Wimbo ulipokwisha alikivaa tena, akafunga kamba.

Wakati wa kurudi tulikaa juu ya magunia ya mkaa. Injini ilipiga kelele, ikabidi asogeze mdomo kwenye sikio langu.

"Uliona fasi ile?"

"Niliona, Mama."

"Yule mama, batoto walikuwa na njaa, na jua, na hakubaacha bakae. Alifanya vizuri."

"Alikuwekea wewe, Mama."

"Aliwekea shangazi yake."

Mto ulikuwa umejaa, majani ya kongo-ya-sika, yale magugu ya maji, yanashuka kwa makundi, nahodha anayakwepa. Nilidhani amemaliza. Tulipoanza kuona paa za Lubunga, ng'ambo ya mji wetu, alisogea tena, na safari hii sauti yake haikuwa ya Directrice.

"Na kama ilikuwa mimi, mutoto? Basi leo nimezika kaka yangu na viatu kwenye miguu."

Bandarini alishuka wa kwanza. Mvua za mwaka ule zilipoanza alilala, hakuinuka.

Tangazo lake nililiandika mimi, kwa kuwa hakuna mwingine. Tonton Fundi alisimama juu yangu. "Weka ya Yanonge. Weka hata ya kwangu! Mutu hawezi kwenda hivi." Bic ilikuwa mkononi, na nilimsikia Mama Directrice anauliza, hakika ao kupenda. Niliandika walimu na wanafunzi wa shule yake, na watu wa mtaa. Mtu wa redio akauliza, "Na familia?" Nikamwambia asome jinsi lilivyo. Mpaka leo sijui kama nilimtii au nilimfukuzia watu wake.

Siku ya pili ya matanga, binti wa Papa wa Yanonge alifika kwenye lango na watoto, mkeka umekunjwa chini ya kwapa. Alikuwa amesikia redio, na amesikia kwamba jina lao halikusomwa. Hakuwa na hasira. Alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu, na wageni wote walikuwa wanatazama.

"Tunakaa wapi?"

Nilianza kuondoa viti. Tonton Fundi akaja akanisaidia, na mke wangu, mpaka pakawa na udongo mtupu mbele ya jeneza. Walitandika. Walivua viatu, wakaketi, wamebanana, na yeye akawa pembeni kabisa. Mtoto mmoja alitaka kukaa kando yake, palipobaki wazi.

Alimsogeza kwa mkono, polepole.

"Hapana pale," alisema.